Mdomo Mkubwa au Mdomo Mdogo

Vijana wa nyumba ya wavuvi, mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi kabla ninyi hamjaja, wakati mgeni alikuwa hana simu ya kupigia picha samaki na ilibidi watu wamwamini kwa maneno tu. Nimekubali. Mshahara sitautaja, maana haukuwa wa kutajwa. Cheo nilipata kimoja, cha kuitwa "mzee", ambacho hupewa kila asiyewahi kufa.

Nilianza miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara ya watu binafsi. Mashamba makubwa yalikuwa yanakodishwa, na neno "mwekezaji" lilikuwa jipya kiasi kwamba mama yangu alidhani ni jina la kabila. Mwekezaji wetu alikodi jumba la mlowezi mmoja wa zamani, juu ya Mwika karibu na msitu, pamoja na bwawa la shamba kule chini tambarare. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu kilitosha kumuuliza mgeni kama amelala vizuri. Siku ya kwanza nilikabidhiwa fimbo ya kuvulia nikaishika kichwa chini, kama ufagio. Mwekezaji alinisogelea. Aliigeuza mikononi mwangu, akaenda kunywa chai.

Samaki wetu walikuwa wa aina mbili, na wote wawili waliletwa na wazungu. Kule bwawani alikuwapo besi, ambaye sisi tulimwita Mdomo Mkubwa, kwa sababu akifumbua kinywa unaweza kuingiza ngumi. Huku juu mtoni, kwenye maji ya baridi yanayoshuka kutoka msituni, alikuwapo trauti. Huyo tukamwita Mdomo Mdogo. Kila jioni tulimuuliza mgeni: kesho ni Mdomo Mkubwa au Mdomo Mdogo? Mgeni mwenyewe mara nyingi hakujua. Alikuwa anataka samaki mkubwa wa kutundikwa ukutani, na alitutazama sisi machoni. Hiyo ndiyo kazi yenu, vijana. Kurusha mshipi atafundishika mtu yeyote. Kumwambia mgeni ukweli pale anapokutazama machoni ndiyo kazi.

Mdomo Mkubwa hukaa kivulini, chini ya matete, akingoja kitu kipite. Mpitishie chambo polepole, kisha kiache kitulie. Wageni wengi hawawezi kukiacha kitulie. Mdomo Mdogo hutazama mto unakotoka, kwa hiyo mwendee kwa nyuma, na kivuli chako kisiguse maji. Chambo chake ni nzi wa bandia, tuliyemtengeneza kwa uzi na manyoya ya shingo ya jogoo. Kiangazi, mto ukipungua, mwacheni. Anakuwa mnyonge, maji yanakuwa angavu, naye hali. Hili la mwisho nililijua vizuri sana. Kumbukeni kwamba nililijua.

Bwawani mwongozaji alikuwa Hashimu, mtu wa Pasua, Moshi mjini, ambaye alikuwa fundi baiskeli kabla ya kuwa fundi samaki. Alikuwa mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Chumba cha kulia wageni kilikuwa na ukuta wa mbao, na kila samaki mkubwa aliyekaushwa alipigiliwa kwenye ubao wake pale. Juu liliandikwa jina la mgeni, na chini, kwa herufi ndogo, jina la mwongozaji. Hashimu alikuwa na mbao kadhaa. Mimi sikuwa na hata mmoja, na miaka ilikuwa inakwenda.

"Mangi," aliniita mbele ya wapishi, kama mjini wanavyomwita kila mtu wa mlimani, "yule wa kwako wa jana amepikiwa nani, paka?"

Wapishi walicheka. Mimi nilicheka pia. Usiku ule ule nilikuwa nauona ubao wangu.

Mtoni sikufundishwa na mwekezaji. Nilifundishwa na Meku Filemoni (meku kwetu ni mzee), ambaye hata hakuwa mfanyakazi wetu. Alikuwa mlinzi wa mfongo. Kwa wale waliokulia mjini: mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu, unachukua maji mtoni pale kwenye banio na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya kila ukoo. Kila nyumba ina zamu yake ya maji. Zamu ikipita imepita. Unangoja mpaka mzunguko mzima umalizike, na kiangazi mzunguko ni mrefu kuliko uhai wa mche. Anayegusa maji katika zamu ya mwenzake hupika mbege, pombe yetu ya ndizi, huwaita wenye mfongo wote, husimama na kutamka kosa lake kwa kinywa chake. Wakishakunywa, yameisha. Asipotamka, hayaishi.

Meku Filemoni alishinda pale banioni na jembe lake, na kila asubuhi alinikuta napiga mshipi kwenye maji. Aliniona mjinga. "Unamdanganya samaki kwa unyoya wa jogoo," aliniambia. "Na jogoo mwenyewe ulimdanganya kwa kitu gani?" Lakini alinionyesha mahali pa kukanyaga, na jinsi mawe yanavyonung'unika chini ya maji kabla mvua ya msituni haijafika. Alinifundisha hata kuziba banio kwa ajili ya msaragambo, siku ile watu wote wanapotoka kusafisha mfongo: kwanza vigogo vya mgomba vilivyopasuliwa, tumbo likitazama chini, kisha mabonge ya udongo na nyasi zake, nyasi zikilala chini. Watu wengine huweka nyasi juu. Zikiwa juu, maji hupenya.

Chini kidogo ya banio palikuwa na shimo la maji refu, na ndani yake aliishi trauti mmoja ambaye sote tulimfahamu. Meku alimwita Mwenye Nyumba. Alikuwa hali nzi wangu. Nilimtazama miaka mingi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nimezunguka vya kutosha.

Kilikuwa kiangazi kikali, baada ya Krismasi. Tulikuwa na mgeni mmoja, Bibi Greta, mwalimu mstaafu kutoka Ulaya. Ujanani alifundisha kusini mwa nchi yetu, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Alikuwa mpole, hakuwa na haraka, na hakuwa amepata kitu. Jioni ya mwisho alinikuta kibarazani pamoja na Hashimu, tunafunga ndoano.

"Kornel," alisema, "nimebakiwa na kesho tu. Nimevua maisha yangu yote, na sijapata samaki hata mmoja wa kumsimulia mtu. Niambie kweli. Niende wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa bwawani. Mto ulikuwa umekonda. Hashimu alikuwa amemwona Mdomo Mkubwa mmoja wiki ile ile chini ya matete, na alikuwa amenieleza mahali penyewe kwa sababu, pamoja na ulimi wake, hakuwa mchoyo. Alikuwa anasubiri tu nilitamke. Lakini bwawani ni kwa Hashimu. Ubao ungeandikwa Hashimu.

"Mtoni, Bibi," nikasema.

Hashimu aliinua uso. "Mtoni sasa hivi kuna mawe, Mangi."

"Na kwako kuna matope."

Bibi Greta alitutazama wote wawili, akacheka, akasema anamwamini Kornel. Ndivyo alivyosema.

Asubuhi, nikiwa naandaa vifaa, Meku Filemoni alipita amevaa koti la kanisani. Binti yake aliyeolewa Bomang'ombe alikuwa mgonjwa, naye anakwenda kumwona. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama.

"Utakuwa mtoni leo?"

"Nitakuwepo, Meku."

"Basi nitupie jicho banio. Zamu ni ya Mama Salome. Yasipungue."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akashuka akiegemea mkongojo wake.

Mama Salome alikuwa mjane mwenye kihamba cha chini kabisa, mwisho wa mfongo. Mwaka ule, bei ya kahawa ikiwa imekufa, aling'oa mibuni ya marehemu mumewe akapanda nyanya. Kwetu kung'oa mbuni wa marehemu ni kama kumpiga kofi jeneza likiwa bado wazi. Shemeji zake walimnunia, majirani walisema ataona. Kwa hiyo nyanya zile hazikuwa nyanya tu. Zikizaa, atakuwa mwanamke mwenye akili. Zikifa, atakuwa yule aliyeng'oa kahawa ya mume wake akapanda vumbi. Zilikuwa zimetoa maua, na zilihitaji maji siku ile.

Haya yote niliyajua.

Kiangazi, banio huchukua karibu mto wote. Kinachobaki chini, shimoni kwa Mwenye Nyumba, ni maji ya kulamba. Nilikuwa nimekwisha kulifikiria jambo hili kitandani. Ukiliziba banio kwa muda, mto wote unashuka shimoni, unaingia baridi na umebeba wadudu, na samaki aliyelala wiki nzima anaamka na njaa. Nilimkalisha Bibi Greta nyuma ya jiwe, nikamwambia asubiri. Nikapanda, nikapasua migomba, nikaweka vigogo, nikaweka mabonge, nyasi chini. Nilijiambia ni kwa muda mfupi tu. Mfongo ukanyamaza nyuma yangu. Siwezi kuwaeleza ukimya ule.

Mwenye Nyumba alikula kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Bibi Greta alimchezea vizuri, hakumvuta kwa pupa, na hatimaye samaki akalala ubavu kwenye wavu wangu. Alikuwa mzito, mwenye madoa kama mtama uliomwagika. Bibi aliinama akamgusa kwa kidole kimoja.

"Mzee huyu," alisema. "Kornel, unaonaje, tumrudi—"

Nilikuwa nimekwisha kumpiga rungu. Nilisikia alichokuwa anataka kusema, na mkono wangu uliwahi kabla neno halijaisha. Yeye akaondoa kidole chake, kisha akanishukuru. Watu waliolelewa vizuri hukushukuru hata hapo.

Tulipanda hadi jumbani. Wapishi walitoka, mwekezaji akafungua bia, samaki akalazwa juu ya majani ya mgomba, picha zikapigwa. Hashimu alikuja akanishika mkono, akasema, "Leo umenifunga mdomo, Mangi," na alisema kwa moyo mweupe. Nikanywa bia. Nikaeleza jinsi nilivyomwendea kwa nyuma. Nikaeleza tena kwa waliochelewa. Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili nilipokumbuka banio.

Nilishuka mbio. Nilipofika karibu niliona mtu ndani ya maji. Alikuwa Mama Salome, peke yake, khanga imefungwa kiunoni, anang'oa mabonge yangu kwa mikono. Alikuwa amepanda mlima wote akifuata mfongo mkavu. Hakulia, hakulaani. Aling'oa moja, akalitupa, akang'oa jingine. Maji yakaanza kuingia mfongoni, lakini jua lilikuwa linazama, na zamu ilikuwa inaingia kwa nyumba nyingine.

Nilijificha nyuma ya mti. Mwanamume mzima, mwenye mabuti ya mpira ya kampuni na harufu ya samaki mikononi. Nilikaa hapo mpaka alipoondoka.

Meku Filemoni alirudi kesho yake. Nilimkuta banioni ameinama, ameshika bonge moja lililotupwa kando. Alilitazama upande wa nyasi, akalitazama upande wa udongo, akaliweka chini taratibu.

"Umeziba vizuri," alisema.

Alikuwa ananiachia nafasi, na mimi niliitumia kutazama miguu yangu.

Jumapili baada ya misa wenye mfongo walikutana pale pale. Mwenyekiti alimuuliza Meku alikuwa wapi. Akasema Bomang'ombe, kwa binti yake. Akaulizwa banio alimwachia nani. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye, kiasi cha kumsikia anavyopumua. Alingoja. Mwenyekiti akadhani hakusikia, akamuuliza tena.

"Sikumwachia mtu," Meku alisema.

Basi kosa likawa lake. Walimtoza mbege, akaipika, akasimama akatamka kwamba aliacha maji ya mjane bila mlinzi. Kisha wakamwomba jembe la mfongo. Alikuwa amelishika tangu kabla sijazaliwa. Akalitoa. Nami nilipopewa kata nikanywa pamoja na wengine.

Sababu zangu za kunyamaza zinanitia aibu kuliko kosa lenyewe, kwa sababu ni ndogo mno. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa kwamba Hashimu atajua kuwa sikumvua samaki yule kwa ufundi. Niliogopa ubao usije ukaandikwa.

Uliandikwa. Nyanya za Mama Salome zilikauka na maua yake, na shemeji zake walipata la kusema kwa miaka. Meku hakuja tena mtoni. Nikimpitia kihambani kwake alinikaribisha, akaniulizia mto, kamwe hakuniulizia lingine. Kila mara niliingia na sentensi mdomoni, nikatoka nayo. Halafu akafa. Nilisaidia kubeba jeneza. Watu waliniona nalia wakasema, tazama jinsi alivyompenda mzee.

Miaka mingine ya kazi ilipita, na mingi ilikuwa mizuri, sitawaficha. Nilifundisha wengi wenu. Hashimu alistaafu kabla yangu akarudi Pasua kwa baiskeli zake. Mimi nilipostaafu mlinifanyia sherehe, na katikati ya makofi mkaleta zawadi iliyofungwa karatasi. Mlikuwa mmemtoa Mwenye Nyumba ukutani. "Hakuna anayestahili kukaa naye zaidi yako, mzee," mlisema. Mlisema kweli kuliko mlivyojua.

Nilimpeleka nyumbani. Nilimgeuza akatazama ukuta. Mke wangu akamgeuza, akisema ni zawadi. Mwisho nikamchukua kwapani, nikachuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikalifunga fundo, nikateremka kwa Mama Salome. Kwetu aliyekosa akikuletea jani la sale huwezi kumkatalia msamaha. Ndiyo maana watu hawalichumi ovyo.

Alikuwa amezeeka, anapukuchua maharage uani. Nilianza kueleza. Akainua mkono.

"Niling'oa yale mabonge kwa mikono yangu, Kornel. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za mabuti ya kizungu. Wenzangu pale mfongoni walikuwa peku."

"Ulijua siku zote?"

"Nilimwambia Filemoni, kabla ya kikao. Akaniomba ninyamaze. Alisema kijana atatamka mwenyewe, tumpe muda." Alipukuchua ganda moja, kisha lingine. "Tukakupa."

Nikamnyooshea jani. Akarudisha mikono nyuma kwa haraka kama mtu anayekwepa moto.

"Usinipe hilo. Ukinipa sitaweza kukataa. Filemoni ana mtoto. Kaseme mbele yake kwanza, mbele ya wote, ndipo uniletee."

Kisha akatazama nilichokuwa nimebana kwapani. Nikamwonyesha. Alimtazama samaki kwa muda, vumbi limemjaa kwenye mapezi, jicho la kioo limelegea.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Nilidhani ni mkubwa," alisema.

Nilipika mbege. Waliobaki kwenye mfongo si wengi, vijana wako Moshi na Dar, lakini walikuja. Nilisimama banioni nikatamka yote: bwawani, mtoni, jicho nililoombwa kutupa, mti niliojificha nyuma yake, swali aliloulizwa Meku nikiwa bega kwa bega naye. Sikutaja ujana wala bia. Nilipomaliza nikampa jani Damiani, mtoto wa Meku, ambaye sasa ni fundi mwashi mwenye mvi. "Nyanya tulizisahau," alisema mzee mmoja, akajaribu kucheka. Damiani hakucheka.

"Jani nimelipokea," alisema. "Siwezi kulikataa. Pombe naweza."

Akaiweka kata yake chini, imejaa.

"Baba alilinda maji haya mpaka mlipomnyang'anya jembe. Linda wewe kiangazi kimoja. Ukimaliza bila zamu ya mtu kupotea, nitakunywa."

Ndiyo maana mnaniona hapa juu kila mnapopita na wageni, na mnafikiri mzee amekosa kazi ya kufanya. Ninaandika haya nimekaa kwenye jiwe la Meku. Jembe ni lile lile, mpini ndio mpya. Jani la Mama Salome nimeliweka mpaka Damiani anywe. Mto umekonda tena, na shimoni kuna Mwenye Nyumba mwingine, si mkubwa sana. Mgeni akiwauliza wakati huu wa mwaka, mwambieni bwawani, hata kama ubao utapata jina la mwenzako. Na asiwepo wa kupanda huku kuniomba nizibe kidogo, kwa muda mfupi tu. Najua jinsi mtu anavyojikubalia. Zamu ya leo ni ya Mama Salome, na Damiani bado hajanywa.